Giza la Kinyangiri na Galaksi Zilizojificha

Katika usiku usio na mwezi, mkazi wa Kata ya Kinyangiri, Wilaya ya Mkalama mkoani Singida, akitazama upande wa kusini mwezi Desemba au Januari, na mawingu ya mvua yakimruhusu, huweza kuona mabaka mawili ya weupe hafifu yasiyopeperushwa na upepo. Hizo ni galaksi mbili ndogo, jirani za Njia Nyeupe, ziitwazo Mawingu ya Magellan. Kubwa kati yake iko umbali wa takriban miaka 160,000 ya nuru. Jijini Dar es Salaam ni vigumu kuziona, kwa kuwa mwanga wa taa umelijaza anga.

Tatizo hilohilo huwakabili wanasayansi, tena kwa ukubwa zaidi. Zipo galaksi ambazo nuru yake imetandazwa katika eneo pana mno. Debe la alizeti likimwagwa juu ya mkeka huonekana kuwa lundo. Debe lilelile likitawanywa katika uwanja mzima wa shule, mpita njia hulikanyaga bila kujua. Galaksi za aina hiyo huwa hafifu kuliko hata mng'ao wa asili wa anga la usiku.

Mfano mashuhuri ni Malin 1, iliyogunduliwa mwaka 1986 kwa msaada wa mbinu ya David Malin, nchini Australia, ya kudhihirisha nuru hafifu katika picha. Ni kubwa kuliko Njia Nyeupe mara kadhaa, lakini hadi wakati huo ilikuwa haijatambuliwa.

Leo darubini hupiga picha za eneo lilelile la anga mara nyingi, kisha picha hizo hujumlishwa ili nuru kidogo ijikusanye. Hapo ndipo penye mtego: programu ya kompyuta inayoondoa mng'ao wa anga inaweza kuifuta na galaksi yenyewe, na vumbi la Njia Nyeupe huweza kudhaniwa kuwa galaksi. Upimaji mmoja wa anga uliofanyika nchini Chile kati ya mwaka 2013 na 2019 umewezesha kuorodheshwa kwa galaksi hafifu zaidi ya 20,000. Darubini ya Vera Rubin, yenye kioo cha mita 8.4 na iliyotoa picha za kwanza Juni 2025, nayo imejengwa nchini humo ili kulipima anga la kusini kwa miaka 10.

Bila galaksi hizo, hesabu ya vilivyomo ulimwenguni hubaki pungufu. Nyingi zina gesi tele lakini huzaa nyota chache, na mwendo wake huonyesha uzito mkubwa wa maada isiyoonekana.

Umeme wa vijijini ni haki na hitaji la wananchi, wala haulazimu kulipoteza anga. Taa ya nje iliyofunikwa juu na kuelekezwa chini humulika ua uleule kwa balbu yenye nguvu ndogo zaidi.