Herufi mbili zilizoninyima kazi: vielezi vya Kiingereza kwa sisi tuliosoma Kifaransa

Mimi ni mzaliwa wa Banalia, kando ya mto Aruwimi. Nyumbani tulizungumza Kiswahili na Lingala, shuleni tukafundishwa kwa Kifaransa, na Kiingereza kikaja mwisho. Nilipoomba kazi yangu ya kwanza ya kutafsiri, niliandika: "I worked hardly for two years." Nilitaka kusema nilifanya kazi kwa bidii. Aliyenihoji aliweka kidole juu ya sentensi hiyo akaniuliza: "Miaka miwili ulikaa bure, nawe unajisifu?" Kazi sikuipata.

Kosa lilitoka wapi? Tunajifunza kwamba kielezi cha Kiingereza huundwa kwa kuongeza "-ly" kwenye kivumishi: "slow" inazaa "slowly", "careful" inazaa "carefully", na "easy" inageuza "y" kuwa "i", tunapata "easily". Kwa kuwa Kifaransa kina "-ment", tunaona "-ly" ni ndugu yake, tunaibandika kila mahali.

Lakini "hard", "fast" na "late" ni vivumishi na pia ni vielezi, bila kubadilika. "Fastly" haipo. "Hardly" ipo, ila maana yake ni "kwa nadra sana, karibu sivyo kabisa". "Lately" ni "siku hizi za karibuni", si "kwa kuchelewa". "Good" huwa "well". Na "friendly", ijapokuwa ina "-ly", ni kivumishi.

Mtego wa pili ni maneno yanayofanana. "Actuellement" ni "kwa sasa", lakini "actually" ni "kwa kweli". "Éventuellement" ni "huenda", lakini "eventually" ni "hatimaye". Ukimwandikia mtu "I will eventually come" ukifikiri umesema huenda utakuja, yeye atakungoja.

Mtego wa tatu ni mahali pa kielezi. Mfaransa husema "il parle bien anglais", nasi tunaandika "he speaks well English". Kiingereza hakipendi kielezi kitenganishe kitenzi na yambwa yake: "he speaks English well". Vielezi vya mazoea, kama "always" na "often", hutangulia kitenzi kikuu, "she always speaks English", lakini hufuata "to be": "she is always late".

Wenzangu, dawa niliyoipata ni kuanzia kwenye maana ya Kiswahili, si kwenye umbo la Kifaransa. Kiswahili chenyewe hakina njia moja: tunasema "vizuri", "kwa bidii", "polepole", "sana". Kwa hiyo hakitushawishi kutafuta mkia mmoja kwa kila neno. Jiulize kwanza: alifanyaje? Kwa bidii: "hard". Kwa sasa: "currently". Huenda: "possibly". Halafu ndipo uandike.

Siku ile ningejiuliza hivyo, ningeandika "I worked hard", na barua yangu ingesema kweli.