Je, Wajua? Bingwa wa Pasaka, Matatu ya Jogoo Road

Je, wajua kwamba Peugeot 404, gari ambalo wakazi wengi wa Kaloleni, Makongeni na Jericho, Eastlands ya Nairobi, walilipanda likiwa matatu, lilishinda mbio za East African Safari mara nne katika miaka sita? Ilikuwa 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa kwanza na wa mwisho ulikuwa wa Nick Nowicki na mwelekezi wake Paddy Cliff. Ule wa 1966 na wa 1967 ulikwenda Tanzania, kwa Bert Shankland na Chris Rothwell. Pijo la mashindano lilikuwa saluni, na matatu nyingi zilikuwa pikapu zilizofunikwa nyuma na kuwekwa mabenchi mawili yanayotazamana. Hata hivyo, fundi wa Shauri Moyo aliyefungua boneti ya moja hakuwa mgeni kwa nyingine. Hapo ndipo ninapoona utamu wa enzi ile. Gari lililotajwa redioni kuwa bingwa, mtu wa Eastlands alikuwa amelipanda asubuhi hiyo akienda kazini.

Wajua ni magari mangapi yaliyomaliza mwaka 1963? Saba. Yalianza 84. Miaka mitano baadaye yakaanza 93, na yaliyofika mwisho yakawa saba tena. Madereva waliomaliza miaka hiyo miwili wakapewa jina la Saba Wasiozama. Mashindano yalifanyika Pasaka, na Pasaka huangukia masika, mvua inapofunga barabara za udongo kutoka milimani hadi mbugani. Mkazi wa Kayole au Embakasi hahitaji kuelezwa zaidi, kwa kuwa mtaa wake umejengwa juu ya udongo ule ule mweusi. Ukikauka unapasuka nyufa za kuingia mkono. Ukinyeshewa unashika kiatu mpaka mguu unatoka peke yake. Weka juu yake gari la zaidi ya tani moja, usiku, watu wawili ndani na saa inahesabu. Tairi linazunguka bila kushika, tope linajaa kwenye matao ya magurudumu hadi yanakataa kupinda, radieta inazibwa, injini inachemka. Wengi waliishia hapo wakisubiri wanakijiji waje kusukuma.

Na wajua jinsi mwelekezi alivyolikwamua gari? Nyuma, kwenye bampa, palichomelewa vikanyagio, na kwenye buti pakawekwa vishikio. Gari likianza kuteleza, mwelekezi alitoka, akapanda nyuma, akashika na kurukaruka ili uzito wake uyabane matairi ya nyuma yashike ardhi. Dereva hakusimama kumngoja. Ni kazi ya manamba wa Jogoo Road hasa, anayening'inia mlangoni matatu ikiwa tayari mwendoni, ila huyu alikuwa katikati ya tope la Taita.

Mbele palifungwa vyuma vya kukinga ng'ombe na swala. Bomba la kuvutia hewa lilipandishwa hadi usawa wa paa ili injini isinywe maji mtoni. Taa za ziada zilikaa juu ya matao ya magurudumu ili gari lionekane kutoka mbali, kwa sababu barabara hazikufungwa! Dereva wa mashindano alipishana na lori la mahindi, basi la abiria na mzee aliye na punda wake. Timu tajiri baadaye zilileta helikopta za kutangulia mbele na kuonya juu ya wanyama na watu.

Yote hayo yalianza Mei 1953, yakiitwa Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Njia zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka uliofuata Volkswagen Beetle ya Vic Preston na D.P. Marwaha ikashinda. Jina la East African Safari lilikuja 1960, na ndilo lililobeba majirani wote watatu mpaka siasa zilipoharibika. Katikati ya miaka ya 1970 mbio zikabaki ndani ya Kenya, na 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikavunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Naliona hilo kuwa hasara kubwa hadi leo. Bingwa kutoka Tanzania, kama Shankland, hakupatikana tena.

Je, wajua kuwa Joginder Singh alianza 22 akamaliza 19? Irudie hesabu hiyo ukikumbuka miaka ambayo magari saba tu yalifika. Alizaliwa Kericho 1932, akajifunza ufundi katika gereji ya baba yake, na 1958 akaajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kupiga doria barabarani, akiwasaidia walioharibikiwa. Kwa hiyo kabla ya kuwa dereva wa mbio alikwisha kuwa mtu wa spana. Mwaka 1965, yeye na nduguye Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kutumika kwenye mashindano. Wakenya wakampa jina la Simba.

Ushindi wake wa pili ndio ninaoupenda zaidi. Mwaka 1974, akiwa na mwelekezi David Doig, aliendesha Mitsubishi Colt Lancer ya cc 1600, gari la familia, na aliyemfuata alikuwa Björn Waldegård wa Uswidi ndani ya Porsche 911. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa Mitsubishi katika mashindano ya ubingwa wa dunia, ambayo yalikuwa yameanza mwaka mmoja tu kabla. Joginder akarudia 1976, na safari hiyo Lancer zikachukua nafasi zote tatu za mbele. Porsche ilijaribu tena na tena, lakini haikushinda Safari ya enzi hiyo hata mara moja.

Lancia Stratos nayo? Gari lile la Italia lilizaliwa kwa ajili ya mbio na lilitamba Ulaya. Mwaka 1975 zilikuja Stratos na madereva hodari, zikamaliza ya pili na ya tatu. Mbele yao alikuwa Ove Andersson ndani ya Peugeot 504. Ndiyo, 504, gari lililosafirisha watu wa Nairobi kwenda mashambani kila Desemba, limejaa abiria na magunia juu. Lilikuja kuunganishwa hapa hapa Kenya, na kazi hiyo iliendelea hadi 2004. Coupé ya aina hiyo, yenye injini ya V6, ilishinda tena 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas.

Wajua mbio za 1973 zilimalizika kwa sare? Shekhar Mehta na Harry Källström, wote katika Datsun, walikuwa na adhabu sawa kabisa. Ushindi ulipewa Mehta kwa sababu alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Mehta alizaliwa Uganda, na mwaka mmoja kabla ya hapo Idi Amin alikuwa amewafukuza Waasia. Aliwasili mstarini akiwa mtu aliyepoteza nchi. Kisha akashinda 1979, 1980, 1981 na 1982, mara nne mfululizo, mwelekezi wake akiwa Mike Doughty. Jumla mara tano. Carl Tundo alimfikia 2018, ila ushindi wake wote ulikuja miaka ambayo Safari haikuhesabiwa kwenye ubingwa wa dunia.

Datsun zenyewe zilishinda Safari mara saba kati ya 1970 na 1982. Ile 240Z aliyoshinda nayo Edgar Herrmann 1971 imehifadhiwa na Nissan kule Japani, na mikunjo ya bodi haikunyooshwa. Walifanya vyema. Ila dada yake mnyenyekevu, 160J ya milango minne, hakuhitaji jumba la makumbusho; alikuwa ameegeshwa mbele ya nyumba za Buruburu, akioshwa kila Jumamosi.

Watoto wa Eastlands walikuwa na mashindano yao, na hapa niruhusiwe kukawia. Bodi ilipindwa kwa waya, boneti na buti zikaonekana wazi, maana mtengenezaji alijua tofauti ya Pijo na Datsun. Magurudumu yalikatwa kutoka soli ya patapata iliyochakaa, au yakawa vifuniko vya mkebe wa Kimbo. Kijiti kirefu kilisimama kutoka ekseli ya mbele hadi kifuani, juu yake usukani wa waya ambao kweli ulipinda magurudumu. Nambari ya gari iliandikwa kwenye kadi na kufungwa mlangoni. Pasaka ikifika, hatua ilianzia bomba la maji, ikapita mtaro nyuma ya nyumba, ikamalizikia kwenye duka. Aliyeanguka mtaroni alitoka mwenyewe. Wengi wa mafundi wa kuchomelea wa Kariobangi na Kamukunji walianzia hapo, kwa waya na koleo, na naamini ni shule ambayo haijapewa heshima yake.

Wajua kwamba wanawake walifika jukwaani mapema? Anne Hall na Lucille Cardwell walikuwa wa tatu 1961. Pat Moss naye akawa wa tatu 1962, kwa Saab. Michèle Mouton wa Ufaransa alipata nafasi hiyo hiyo 1983 kwa Audi Quattro.

Huo mwaka wa Mouton ulikuwa ndani ya enzi ya Kundi B, magari yenye nguvu za kutisha na sheria chache. Audi na Peugeot zilileta magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne. Wajua nani aliyewashinda hapa? Toyota Celica yenye turbo, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, kama gari la kawaida la siku hizo. Ilishinda 1984, 1985 na 1986, mara mbili kwa Waldegård na moja kwa Juha Kankkunen. Mkuu wa timu yake alikuwa Ove Andersson, yule yule wa Pijo la 1975. Alijua kwamba katika kilomita elfu tano za vumbi na mawe, gari rahisi kutengenezwa hufika kabla ya gari la kasi. Mei 1986, Henri Toivonen na mwelekezi wake Sergio Cresto walikufa kwenye mbio za Corsica, na Kundi B likapigwa marufuku. Safari ya 1987 ilishindwa na Hannu Mikkola ndani ya Audi 200, saluni kubwa ya kifahari, na hilo likawa gari la kwanza linalosukumwa na magurudumu yote manne kushinda Safari.

Mwaka 1993 Patrick Njiru alifika wa 12 na Subaru Vivio. Injini yake: cc 658! Dereva Colin McRae, aliyekuwa na kigari kama hicho, hakufika. Mwaka uliofuata Ian Duncan, Mkenya, akashinda na Celica, na tangu hapo hakuna Mkenya aliyeshinda Safari ya ubingwa wa dunia.

Mashindano yaliondolewa kwenye ubingwa baada ya 2002, yakarudi 2021, na hatua yake ya kwanza ikawa Kasarani, kilomita 4.84. Kwa watu wa Dandora na Kariobangi ilikuwa jirani kabisa.

Na yule McRae wa Vivio? Alishinda 1997 kwa Subaru Impreza, akashinda tena 1999 na 2002 kwa Ford Focus. Impreza za mitumba sasa zimejaa Umoja na Donholm, na utazisikia kabla hujaziona. Dereva Phineas Kimathi alimwita mwanawe McRae. Kijana huyo, McRae Kimathi, alianza msimu wake wa ubingwa wa dunia wa vijana Februari 2022, akiwa na mwelekezi Mwangi Kioni, ndani ya Ford Fiesta, kwenye theluji ya Uswidi.