Andika, fonti inayomkumbuka mtoto wa darasa la kwanza

Mwalimu wa darasa la kwanza huandika a ubaoni kwa duara na kijiti ubavuni. Mtoto anaiiga, anaizoea, anaijua. Kisha anapewa kitabu, na humo a ina mstari ulioinama juu ya tumbo lake kama paa la kibanda. Sisi tuliokwisha kuzoea kusoma hatuoni tofauti hiyo. Mtoto anaiona. Kwake hizo ni herufi mbili, na mara nyingi hakuna aliyemwambia kuwa sauti yake ni moja.

Je, wajua kwamba ipo fonti iliyochorwa kwa kumfikiria mtoto huyo, na kwamba jina lake ni la Kiswahili? Inaitwa Andika. Walioitengeneza ni SIL International, shirika ambalo kwa miongo mingi limeshughulika na lugha zenye wasemaji wachache na kazi ya kufundisha kusoma na kuandika. Katika Andika, a ni ile ya ubaoni, na g nayo ina mkia mmoja ulio wazi kama wanavyoiandika watoto daftarini.

Chukua jina Ilala. Katika fonti kama Arial, herufi zake mbili za kwanza ni nguzo mbili zilizosimama bega kwa bega, na ukiweka tarakimu 1 pembeni, nayo haiko mbali nazo. Msomaji mzoefu hajikwai kwa sababu hulimeza neno zima kwa mkupuo. Anayejifunza hutembea herufi kwa herufi, na kila herufi inayofanana na jirani yake ni jiwe njiani. Wachoraji wa Andika walizipa I kubwa, l ndogo na 1 maumbo ambayo hayachanganyiki. Hiyo si nakshi. Ni kazi ile ile ya mwalimu, ila imefanyika mapema zaidi, kabla kitabu hakijachapwa.

Sasa tufungue faili lenyewe la fonti. Ndani yake hakuna picha ya a. Kuna orodha ya nukta, kila moja na namba mbili: ya mlalo na ya wima, juu ya mraba usioonekana ambao katika fonti za TrueType mara nyingi hugawanywa sehemu 2,048 kila upande. Kutoka nukta hadi nukta mstari hunyooka au hupinda. Unapopinda, kuna nukta nyingine iliyokaa kando. Mstari haupiti juu yake bali huvutwa kuielekea, kama upinde unavyovutwa na kamba. Hesabu hii ilizaliwa katika viwanda vya magari vya Ufaransa. Paul de Casteljau wa Citroën aliipata mwaka 1959, lakini kampuni ikaifanya siri. Pierre Bézier wa Renault alifika hapo hapo kwa njia yake, akaitangaza katika miaka ya 1960, na mikunjo hiyo ikabaki na jina lake. Mstari uliokusudiwa mabodi ya magari ndio unaochora tumbo la b.

Kwa kuwa yote ni namba, herufi moja hukuzwa au kupunguzwa kwa kuzidisha tu. Faili moja hutosha ujumbe wa simu na bango la barabarani. Hata tundu la o ni hesabu: duara la nje huchorwa likizunguka upande mmoja, la ndani likizunguka kinyume, na kompyuta hujua kutokana na mwelekeo huo kwamba pale katikati pasitiwe wino.

Lakini kuwa na umbo zuri hakutoshi. Ukibonyeza a, kibodi haitumi umbo. Kompyuta huhifadhi namba 97, kisha huiuliza fonti: una nini kwa namba hii? Fonti isipokuwa na jibu, kinatokea kisanduku kitupu, au herufi inaazimwa kutoka fonti nyingine na kukaa kama mgeni, nene au nyembamba kuliko wenzake. Jina la Ngũgĩ wa Thiong'o ni kipimo kizuri cha fonti yoyote: lina ũ, lina ĩ, na lina ng' yetu. Inaniuma kuliona limevuliwa alama zake, kwa sababu katika lugha ya Gĩkũyũ i na ĩ ni irabu mbili tofauti, si i moja iliyopambwa.

Na hiyo ng' ina kisa chake. Alama iliyonyooka ni namba 39. Ile iliyojikunja, ambayo programu za kuandikia hupenda kuiweka zenyewe, ni 8217. Kwa jicho ni ng'ombe yule yule. Kompyuta isiyofundishwa kuzilinganisha huwaona ng'ombe wawili, na anayemtafuta mmoja hampati mwingine.

Kilingala kinadai zaidi. Neno lɛlɔ́, yaani leo, lina ɔ yenye alama ya toni juu yake, na mchanganyiko huo hauna namba yake moja katika Unicode, orodha inayoipa kila herufi namba yake. Huandikwa kwa namba mbili, ya herufi kisha ya toni, na fonti lazima iseme alama itue wapi. Ndani ya Andika kila irabu ina mahali pake palipopimwa pa kupokelea alama. Inayosoma vipimo hivyo na kuunganisha herufi na alama yake ni programu nyingine, na katika simu za Android na katika Firefox kazi hiyo hufanywa na HarfBuzz. Jina hilo limetoka Kiajemi, na harf yake ni ndugu wa neno letu herufi: yote mawili yametoka Kiarabu.

Andika hutolewa bure chini ya leseni huria ya SIL, ambayo toleo lake la 1.1 ni la mwaka 2007. Unaruhusiwa kuchapa vitabu nayo na kuviuza, kuigawa, hata kuibadilisha; usichoruhusiwa ni kuiuza fonti peke yake. Ndiyo maana naipendekeza kwa kila anayetaka kujifunza ufundi wa fonti. Na msaada upo: Simon Cozens ameandika kitabu kizima kuhusu fonti na maandishi ya dunia na kukiacha wazi kwenye intaneti. FontForge, programu ya bure iliyoanzishwa na George Williams, hulifungua faili la Andika bila kipingamizi. Bofya a mara mbili, na nukta zake zote zitatokea kioo kizima. Shika moja iliyo kando ya mpindo, isukume kidogo nje, na tumbo la a litavimba mbele ya macho yako.