Daktari Aliyekataa Kuficha Hesabu ya Wafu

Kila chuo kikuu cha umma kinapotafuta naibu chansela mpya, hukosi kusikia swali hili vibarazani: profesa wa udaktari aliyesoma miaka yote ile, mbona aache maabara na wagonjwa aende kupambana na migomo ya wahadhiri na madeni ya mishahara? Kwa wasiofuatilia mambo haya, naibu chansela ndiye mkuu hasa wa chuo. Chansela huvaa joho siku ya mahafali, akatunuku shahada, basi. Swali lenyewe ni zuri, na leo nataka tulijibu kwa kumtazama mtu mmoja wa Afrika Kusini, Profesa Malegapuru William Makgoba. Nimemchagua yeye kwa sababu maisha yake hayana sifa tupu.

Makgoba alizaliwa 1952 huko Sekhukhune, kaskazini mwa nchi ile, ubaguzi wa rangi ukiwa ndiyo sheria. Udaktari aliusomea Durban, katika skuli ya tiba ya Chuo Kikuu cha Natal iliyotengewa wanafunzi wasio Wazungu, ile ile aliyosoma Steve Biko. Alihitimu 1976, akaenda Oxford na kupata uzamifu 1983 katika elimu ya kinga ya mwili, yaani namna mwili unavyomtambua adui aliyeingia na kupigana naye. Baada ya hapo alifanya utafiti Marekani na London. Angetaka, angebaki huko huko akastaafu kwa raha zake.

Alirudi 1994, mwaka wa uhuru, akawa mmoja wa wasaidizi wa mkuu wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand kule Johannesburg, Mwafrika wa kwanza kupewa cheo hicho pale. Hata viti havijapata joto, mwaka 1995 wasomi wakubwa 13 wa chuo wakamshutumu kwamba ameyatia chumvi maelezo ya elimu na kazi zake. Naye hakukaa kimya: alichukua taarifa zilizomo kwenye mafaili yao ya kazi akawageuzia kibao. Ugomvi ukaishia kwenye maafikiano, yeye akaacha cheo na kurudi kwenye utafiti, na 1997 akatoa kitabu chake, Mokoko, kueleza upande wake. Wako wanaosema ulikuwa ubaguzi mtupu, na wako wanaosema moto aliuchochea mwenyewe. Mimi naona yote mawili yalikuwemo.

Lakini jina lake lingesahaulika kama si yaliyofuata. Mwaka 1999 aliteuliwa rais wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini, ambalo ni taasisi ya serikali. Wakati huo huo Rais Thabo Mbeki alikuwa ameanza kutilia shaka kwamba virusi vya HIV ndivyo vinavyoleta Ukimwi. Fikiria hali hiyo, ndugu msomaji. Mshahara wako unatoka serikalini, mkuu wa nchi ni mtu wa chama kilichokukomboa, tena anakuona mwenzake katika safari ya kuinua hadhi ya Mwafrika. Halafu anasema jambo ambalo wewe, kwa elimu uliyonayo, unajua si kweli na litaua watu. Makgoba alisema hadharani na kuandika katika majarida ya sayansi kwamba ule haukuwa utaalamu. (Sisi Kenya tusijione tumepona. Mwaka 1990 tulitangaziwa Kemron kwa shangwe kuwa ni dawa ya Ukimwi, na majaribio yaliyofuata hayakuona faida yake.)

Kilichowasha moto zaidi ni ripoti ya baraza lake ya 2001. Hapa pana elimu, kwa hivyo twende taratibu. Utawahesabu vipi waliokufa kwa Ukimwi wakati vyeti vya kifo vinasema kifua kikuu au homa ya mapafu? Hata kwetu, ni maiti ngapi zilizikwa miaka ile tukaambiwa ni kifua, au ni mkono wa mtu? Watafiti wa Makgoba hawakutegemea sababu iliyoandikwa kwenye cheti. Waliangalia umri. Katika nchi yoyote, watoto wachanga hufa kwa wingi, kisha vifo hupungua sana ujanani na kupanda tena uzeeni. Ukichora, unapata kitu mfano wa bonde. Katika takwimu za Afrika Kusini, katikati ya bonde lile palikuwa pameota kilima. Wanawake wa miaka 25 hadi 29 walikuwa wakifa kwa kiwango cha mara 3.5 ya kile cha 1985. Hakukuwa na vita wala njaa ya kueleza hayo. Ripoti ikakadiria kwamba mwaka 2000 takriban asilimia 40 ya vifo vya watu wa miaka 15 hadi 49 vilitokana na Ukimwi, na kwamba bila matibabu jumla ya waliokufa ingefika kati ya milioni 5 na milioni 7 kufikia 2010.

Serikali haikuitaka. Mbeki alikuwa akitumia takwimu za zamani, za 1995, kuonyesha kwamba Ukimwi unaua wachache tu. Ripoti ikacheleweshwa, ikavuja magazetini, na baraza likasakamwa lieleze nani kaivujisha. Makgoba hakuikana. Sisi tuliofundishwa madrasa tangu utotoni kwamba kuficha ushahidi ni dhambi tunapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Gharama ya ukaidi ule ilikadiriwa 2008 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard: zaidi ya watu 330,000 walipoteza maisha kati ya 2000 na 2005 kwa sababu dawa za kupunguza makali ya virusi zilicheleweshwa.

Mwaka 2002 aliondoka kwenye baraza akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Natal. Januari 2004 chuo hicho kikaunganishwa na kile cha Durban-Westville, ambacho enzi za ubaguzi kilitengewa Wahindi, kikazaliwa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal chenye kampasi tano. Aliyewahi kuunganisha hata misikiti miwili jirani anajua kazi yake. Aliongoza mpaka 2015. Kwa upande wa utafiti, chuo kiliwika. Mwaka 2010 watafiti wa CAPRISA, kituo kilichoanzia chuoni hapo, walitangaza kwamba jeli yenye dawa ya tenofovir ilipunguza maambukizi ya HIV kwa wanawake kwa asilimia 39. Na kuanzia 2014, wanafunzi wapya wasiojua Kizulu walitakiwa wasome somo la lugha hiyo, kwa hoja kwamba daktari na mwalimu lazima wasikilizane na wanaowahudumia. Hilo peke yake lingetosha makala nyingine hapa Pwani, ambako daktari anasomea Kiingereza mwanzo mwisho na mgonjwa wake wa Lunga Lunga anamweleza kwa Kiswahili.

Upande wa pili si mzuri. Mwaka 2008 wahadhiri wawili, Nithaya Chetty wa fizikia na John van den Berg wa hisabati, walifunguliwa mashtaka ya nidhamu na chuo kwa kulalamika hadharani kwamba waraka kuhusu uhuru wa kitaaluma ulizuiwa usijadiliwe katika seneti. Wasomi wengi walipiga kelele. Chetty akajiuzulu, mwenzake akamaliza kwa maafikiano. Nimejaribu kumtetea Makgoba kwa hili, nimeshindwa. Mtu aliyekataa kunyamazishwa na Rais wa nchi, chuo chake kikawaandama wahadhiri kwa kusema. Maabara humfunza mtu kuuheshimu ushahidi, lakini haimfunzi kuvumilia kupingwa akiwa yeye ndiye mwenye kiti. Wanaochagua wakuu wa vyuo vyetu vya Pwani wakikutana na orodha ndefu ya machapisho ya kitaaluma, na waulize pia huyu mtu anaishi vipi na wanaompinga.

Baada ya chuo, Makgoba alikuwa mchunguzi wa malalamiko ya afya wa taifa kuanzia 2016, na kazi ya kwanza kubwa iliyomkuta ilikuwa ile ile ya kuhesabu. Mkoa wa Gauteng, kwa kusema unabana matumizi, ulikuwa umewatoa wagonjwa wa akili zaidi ya elfu moja katika vituo vya Life Esidimeni na kuwagawa kwa mashirika madogo. Waziri wa afya wa mkoa, Qedani Mahlangu, aliliambia bunge la mkoa kwamba waliokufa ni 36. Februari 2017 Makgoba alitoa ripoti: si chini ya 94, na mashirika yote 27 yalikuwa yakiendeshwa kwa leseni zisizo halali. Mahlangu alijiuzulu ripoti ikikaribia kutoka. Hesabu iliendelea kupanda mpaka ikafika 144. Mwaka 2018 msuluhishi, jaji mstaafu Dikgang Moseneke, aliamuru kila familia iliyofikishwa mbele yake ilipwe randi milioni 1.2, na Julai 2024 jaji wa uchunguzi wa vifo akasema Mahlangu na mkuu wa huduma za akili wa mkoa wanaweza kuwajibishwa kwa vifo tisa kati ya hivyo.