Saa ya 'Mjerumani' yazua kasheshe Kilosa!

Ukitaka kumpandisha mtu presha Bongo hii, mtajie Mjerumani. Sanduku la Mjerumani, shimo la Mjerumani, rupia za Mjerumani. Watu watachimba usiku kucha wasipate hata msumari. Sikatai, mali zake zilikuwepo. Ile sarafu ya dhahabu ya rupia 15 ilifuliwa Tabora, karakana ya reli, mwaka 1916. Lakini si kila kikuukuu ni chake.

Juzi mshikaji wangu kanijia mbio. Bibi yake wa Kilosa ana saa ya kusimama, ndefu kuliko mimi, na mnunuzi mmoja wa Mikumi ameshafika dau la milioni moja na nusu. Sharti moja tu: bibi aweke dole gumba kwenye karatasi kwamba saa ilikuwa ya bwana mkubwa wa Boma la Kijerumani pale Kilosa. Hela anaitaka, ada za wajukuu zinamwandama. Dole gumba ndilo linalomkosesha usingizi.

Tukapanda basi, tukakatiza mbuga, tukashuka Mikumi na kukamata gari la Kilosa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Hiyo hapo, itazameni."

Bwana we! Mahogani nyekundu iliyokolea, na katikati ya mlango wake kuna kombe la baharini lililoundwa kwa vipande vya mbao nyeupe, vimechongewa nafasi vikapachikwa mpaka ukipitisha kiganja husikii kiungo. Kama unavijua viti vya enzi vya Lamu vilivyopachikwa mifupa, kazi ni ya ukoo huo. Chini ndiko kwenye majonzi. Mafuriko ya Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliloweka kitako, nakshi ikabanduka. Na haitembei: kati ya mawe mawili ya risasi yanayoivuta, moja halipo.

Basi nikajifanya mpelelezi. Uso wa saa ni wa bati lililopakwa rangi nyeupe. Jina la fundi limefutika, limebaki neno London. Nyuso za namna hiyo zilianza kushika chati Uingereza miaka ya 1770, kabla yake zilikuwa za shaba. Mahogani nayo Waingereza waliichota Karibi na Amerika ya Kati, hasa baada ya kufuta ushuru wa mbao za makoloni yao mwaka 1721. Mjerumani anaweza kununua saa ya London, sawa. Ila hapo hakuna kinachomtaja.

Nikafungua mlango. Ndani, kwa penseli: Kimamba, na mwaka wa hamsini na kitu, tarakimu ya mwisho imeliwa na mchwa. Mafundi saa wengi wana mtindo huo wa kuandika wakimaliza kazi.

Nikamsomea bibi. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kimamba! Si kwa yule Mgiriki wa mkonge? Babu yenu alikuwa karani wake. Mashamba yalipotaifishwa 1967 Mgiriki akafungasha, hela ya kulipa watu hana. Mshahara wa mwisho wa babu yenu ndio hiyo saa."

"Sasa bibi, mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Wote mnakuja na Mjerumani wenu."

Tulirudi Mikumi kumwona mnunuzi. London, Mgiriki, karani; kila neno lilimtoa jasho. "Mgiriki hauziki," akasema, na dau likaporomoka hadi laki nne. Nikamchokonoa kidogo: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavihesabu vitu vya kabla ya 1863 kuwa mabaki ya kale, kuvitoa nje kunataka kibali. Anacho? Ghafla akakumbuka ana mgeni.

Mshikaji akampigia bibi simu kumpa habari za laki nne.

"Mwambie hiyo ni bei ya kioo chake. Halafu hapo hapo Mikumi pitieni kwa mjomba wenu, ana jiwe langu la risasi, anazuilia mlango wa duka. Mnirudishie."