Mpaka Usioonekana: Kibali cha Uvuvi wa Burudani katika Mkondo wa Pemba

Katika nchi kavu mpaka huwekewa jiwe. Baharini hauna alama. Hivyo mtu atokaye Shimoni, Kenya, kwenda kuvua nduaro na jodari kwa burudani katika Mkondo wa Pemba, aweza kuingia maji ya Tanzania bila ya kutambua.

Kipimo cha mpaka huo ni maili ya bahari, yaani mita 1,852, ambazo ni takriban urefu wa dakika moja ya latitudo. Bahari ya taifa huenea hadi maili 12 kutoka mstari wa msingi wa pwani. Pale ambapo pwani za nchi mbili zimeelekeana kwa karibu, kwa kawaida hufuatwa mstari wa katikati.

Mapatano ya Kenya na Tanzania ya mwaka 1976 yaliwaruhusu wavuvi wenyeji, wavuao kwa riziki, kuvua hadi maili 12 kila upande wa mpaka huo, kwa kufuata kanuni. Mvuvi wa burudani si miongoni mwao: kibali chake hukoma mpakani. Upande wa Pemba hana budi kupata kibali cha Zanzibar, kwani uvuvi si jambo la Muungano.

Tofauti hiyo ni ya haki. Samaki hajui mpaka, na akivuliwa kwa starehe hupungua vile vile kwa mwenye ngalawa.

Wanafunzi na wageuze maili 12 kuwa kilomita (jibu: 22.2), kisha wazipime ramanini kutoka Pemba kuelekea Shimoni.