Ukitendua, Herufi Hurudi Zisizotakiwa

Andika neno mũndũ, yaani mtu kwa Kikuyu, kwa kibodi iliyotengenezwa kwa programu kama Keyman, kisha ubonyeze Ctrl na Z ili kutendua. Unatarajia ũ ya mwisho iondoke, na mara nyingi kweli inaondoka: panabaki mũnd. Bonyeza tena. Sasa inatokea mũndu, yenye u ambayo ulidhani umekwisha kuachana nayo.

U hiyo ilikuwapo. Katika kibodi nyingi za aina hii, mtu huandika u kwanza, kisha hubonyeza kitufe cha kiwimbi (~). Kibodi huifuta ile u na kuweka ũ mahali pake, upesi kiasi kwamba jicho halioni. Lakini programu ya kuandikia imeyaona yote na kuyaweka katika kumbukumbu: herufi iliyoandikwa, ikafutwa, ikaja nyingine. Ukiiambia itendue, inarudi nyuma hatua kwa hatua.

Hilo ni kero tu. Kasoro kubwa ni kwamba katika programu ambazo haziiruhusu kibodi kusoma maandishi, kibodi hutegemea kumbukumbu yake yenyewe, na huenda isijue kwamba umetendua. Wewe unaona mũnd, yenyewe inaamini mwisho pana ũ. Ikiwa imepangwa kuirudisha ũ kuwa u kiwimbi kinapobonyezwa mara ya pili, itafuta herufi moja na kuandika u. Inayofutika ni d, nawe unabaki na mũnu.

Kimaasai kina shida yake ya ziada. Ɔ yenye alama ya toni haina namba yake moja katika Unicode. Huundwa kwa namba mbili, ya herufi na ya alama. Kutendua kunaweza kuondoa alama na kuiacha herufi. Watu wengi huandika Kimaasai bila toni, lakini kwa mtunga kamusi au sarufi hilo si dogo, kwa kuwa katika lugha hiyo toni ya nomino husaidia kutofautisha mtenda na mtendwa.

Lawama kubwa naiweka kwa wapangaji wa kibodi. Windows ina njia ya kibodi kusoma maandishi yaliyoko kwenye ukurasa, ila si kila programu inaifuata, basi ni heri kupunguza ufutaji tangu mwanzo. Alama itangulie herufi, ili itoke ũ peke yake, au ũ na mwenzake ĩ zipewe vitufe vyao. Vya q na x vinafaa, kwa kuwa Kikuyu hakizitumii herufi hizo, ingawa anayechanganya na Kiingereza atanung'unika, na ana haki.

Wewe mwandikaji, herufi ikiharibika, achana na Ctrl na Z. Ifute kwa kitufe cha kufutia, kwa sababu hicho kibodi hukiona, kisha uiandike upya.